Mashine Iliyokataa Kukausha Jioni

Mashine ile tuliirithi pamoja na nyumba. Mume wangu alikuwa fundi wa visima, akizunguka vijijini na gari la idara, leo Nyangamara, kesho Milola. Mtaalamu wa Kizungu aliyekuwa mkubwa wake alipomaliza mkataba akarudi kwao kwenye baridi, nyumba yake ya serikali pale mlimani Lindi mjini tukapewa sisi. Alichoweza kubeba alibeba. Kilichomshinda ni sanduku jeupe la chuma, kimo cha kiuno, lenye mlango wa kioo cha duara, limesimama katika chumba kidogo nyuma ya jiko. Ndani yake mlikuwa na pipa la bati. Ulitia nguo mbichi, ukafunga mlango, ukazungusha kitasa, pipa likaanza kuzunguka na hewa ya moto ikapita katikati ya nguo. Kisha hewa ile, pamoja na maji yote iliyoyabeba, ilitoka kwa bomba nene lililopenya ukutani hadi nje.

Nilicheka sana siku mume wangu aliponieleza. Lindi hii, ambayo ukianika shuka saa nne, ukiingia ndani kunywa maji umechelewa kuligeuza, mtu amesafirisha baharini mashine ya kukaushia nguo! Tukaifanya meza. Juu yake tuliweka redio, chini ya redio kitambaa nilichokifuma mwenyewe, na kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa kubeba taarifa ya habari na hotuba za vijiji vya ujamaa.

Mimi nilikuwa opereta wa simu. Nilikaa mbele ya ubao wenye matundu, visikilizio masikioni, nikichomoa waya huku nikiuchomeka kule, nikiwaunganisha watu wa Lindi na Mtwara, na Nachingwea, na Dar es Salaam pale laini ilipoona huruma. Katika ukoo wetu hapakuwa na mwanamke mwingine aliyefanya kazi ya ofisini, na sitaki kudanganya, nilijisikia. Nilitembea mjini kama mtu anayejua nani kasema nini na nani, ingawa tuliapishwa kutosikiliza.

Basi nikapata mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza hurudi nyumbani: binti huzalia kwa mama yake, akandwe, alishwe, akae ndani arobaini yake yote mikononi mwa aliyemzaa. Nilikataa. Hospitali ilikuwa Lindi, na kazi yangu ilikuwa Lindi. Likizo ya uzazi ikiisha nisiporipoti, kiti changu kingekaliwa na mwingine, na waliokitaka nilikuwa nawajua kwa majina. Mama yangu aliposikia alikasirika. Mwishoni akaja yeye, juu ya lori kutoka Milola, na kapu la muhogo mkavu, na kuku waliofungwa miguu, na jozi mpya ya kanga za zambarau aliyoipata duka la ushirika baada ya kupanga mstari tangu alfajiri. Nguo zilikuwa adimu miaka ile. Kanga ile aliivaa kama mtu aliyevaa nishani.

Kabla hata hajaketi aliweka sharti lake.

"Nitakaa kwako, mwanangu. Lakini nikiona mjukuu wangu anataabika hapa, namfunga mgongoni tunakwenda zetu. Na wewe utafuata, kwa sababu maziwa ni yako."

Nilizaa mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. Na mvua nayo ikaanza wiki ile ile, kana kwamba walipatana.

Mvua za kwetu zikinyesha hazina habari na mtu. Nguo iliyoanikwa barazani asubuhi ililala pale ikaamka na ukungu. Mtoto mchanga kazi yake ni kunyonya na kulowesha, na nepi zake zilijaa nyumba nzima, kwenye viti, kwenye kamba jikoni, kwenye kitanda chetu. Mama alizitandaza juu ya jiko la mkaa. Zilikauka nusu, zikanuka moshi, na matako ya mtoto yakatoka vipele vyekundu. Mama alivitazama vipele vile, kisha akanitazama mimi. Kuzaa si kazi, kazi kulea, alisema, na wala hakuwa ananifundisha methali.

Hapo ndipo mume wangu alipoishusha redio.

Alichomeka plagi, akajaza nepi, akazungusha kitasa. Ilikuwa Jumapili mchana. Pipa lilizunguka kwa mlio wa jiwe la kusagia, na baada ya muda akafungua mlango, akatoa nepi kavu, zenye joto, laini hata nikajiwekea moja shavuni. Nilikuwa kitandani na macho yalinilowa. Mzazi hulia kwa vitu vidogo.

Mama alizipapasa moja moja.

"Bila jua," alisema. "Sasa yale maji yamekwenda wapi, baba?"

Mume wangu alimwonyesha bomba, akamweleza kwa heshima zote, akiwa amesimama mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, kwamba hewa inatoka kwa tundu lililo ukutani upande wa nyuma. Mama akajifunika kanga kichwani, akatoka mvuani kwenda kuona. Aliporudi alinifuata kitandani.

"Kile kitu kinapumua," aliniambia chumbani, taratibu. "Nimeweka mkono. Kinatoa harufu ya mtoto huko nje."

Nilicheka, nikadhani amefurahi.

Shida ilianza siku iliyofuata. Mume wangu alirudi kutoka kwenye visima jioni, magharibi imekwisha kuadhiniwa, akajaza mashine, akaiwasha. Pipa likazunguka vizuri, mlio ule ule. Alipofungua, nepi zilikuwa za moto na mbichi, zinatoa mvuke kama viazi. Akarudisha. Akafungua tena. Mbichi. Kesho yake jioni, vile vile, na keshokutwa.

Mume wangu si mtu wa kuachia chuma kimshinde. Alitoa fyuzi, akaisafisha, akairudisha. Alifungua plagi akakaza waya. Alivuta chujio lililo mlangoni, akalikuta na vumbi la pamba limejazana kama usufi, akashangilia kwamba kampata mchawi. Akalisafisha, na jioni ile nepi zikatoka mbichi. Alifungua mgongo wa mashine kwa bisibisi akakagua mkanda unaozungusha pipa. Kulikuwa na kijitabu kilichoachwa na mwenyewe, lakini kiliandikwa lugha ya kwao, na michoro yake ilikuwa ya mwanamke wa Kizungu anatabasamu.

Asubuhi moja gari la idara lilipochelewa kuondoka, aliijaribu haraka haraka. Ikakausha. Jioni, mbichi. Basi akapata nadharia yake: umeme. Jioni mji mzima unawasha taa, alisema, mitambo inaelemewa, umeme unaofika mlimani kwetu ni mabaki tu. Tulimwamini, maana umeme wetu ulikuwa na tabia zake.

"Basi iwashwe mchana," nilisema.

Mchana yeye alikuwa Nyangamara; aliondoka alfajiri, na nepi za Jumapili hazikufika Jumanne. Mimi nilikuwa mzazi, na mama alikuwa amenikataza hata kugusa swichi ya taa. Mzazi na umeme, alisema, havipatani. Yeye mwenyewe hakutaka kuisogelea, akihofia itawaka moto na hakuna mwanamume ndani. Kwa hiyo mashine ilikuwa na saa moja tu ya kufanya kazi, na saa hiyo ndiyo iliyoigomea.

Mume wangu akamleta fundi umeme wa ofisini kwao, Jumamosi asubuhi. Fundi akaiwasha, ikakausha nepi zote kwa mara moja. Akazishika, akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa ugonjwa uko wapi?"

"Huja jioni," mume wangu alisema.

"Basi mpelekeni mganga," fundi akasema, akanywa chai, akaenda zake. Habari zilifika ofisini kwao kabla yeye hajafika, na kwa wiki nzima walimuuliza mume wangu kama ile mashine imeshapandisha pepo.

Mimi sikuwa na hamu ya kucheka tena. Siku za arobaini zilikuwa zinakwisha, vipele vya mtoto vilikuwa vimepanda hadi kiunoni, na mama alikuwa ameacha kunung'unika. Mama yangu akinung'unika kuna nafasi ya kuzungumza. Akinyamaza amekata shauri. Asubuhi moja, akinikanda tumbo kwa maji ya moto, akalitoa.

"Ukitoka arobaini, kesho yake tunapanda lori. Tutakaa Milola mpaka mvua ziishe."

"Mama, kazi yangu je?"

"Kazi ipo tu. Mtoto ndiye hayupo mwingine."

Nilimwambia kwamba kazi haipo tu, kwamba nikikosa siku ile ya kuripoti sitakuwa na kiti. Nilimwambia pia kwamba nyumba yake ya Milola ni mpya, kwamba walihamishiwa kando ya barabara juzi juzi tu na kuta zake za udongo bado zinatoa jasho. Alinijibu kwamba juu ya moto wake kuna uchaga wa miti wa kukaushia, na uchaga hauulizi ni jioni au asubuhi. "Hii yenu ndiyo kujitegemea?" alisema. "Inamtegemea Mzungu aliyekwisha kuondoka."

Nilikasirika hata maziwa yakanikatikia. Nilimpenda mama, na nilimwogopa, na siku ile nilimchukia kidogo. Mume wangu naye alikaa kimya, kwa sababu mtu hambishii mama wa mkewe, na kimya chake nikakichukia zaidi.

Jioni hiyo niliomba kiti. Nikakaa mbele ya mashine, mtoto mapajani, nikaiangalia inavyozunguka kama mimi nilivyozoea kuuangalia ubao wangu. Kazini tulifundishwa jambo moja: laini ikiwa bubu, usiilaumu mitambo yote. Anza kwako, sogea kidogo kidogo, mpaka ufike kwa yule wa upande wa pili. Taa ya chumba kile ilikuwa inawaka vizuri, nyeupe, haififii. Niliweka kiganja juu ya chuma, nikakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto kuliko Jumapili. Kioo cha mlango kilikuwa kinatiririka maji kwa ndani.

"Umeme upo," nilimwambia mume wangu. "Moto upo. Ila hautoki. Hapa kwetu laini ni nzima, ni upande wa pili ndio haupokei. Nenda kaangalie tundu la nje."

"Nimeliangalia juzi mchana mama alipokwenda sokoni. Liko wazi, unapita mkono."

"Liangalie sasa."

Alinitazama kama nimemwambia avue nguo. Na hapo nikamwelewa. Tundu lile lilitokea uani, ndani ya ua wa makuti, na pale ndipo mama alipooga na kutawadha. Saa ile ya magharibi, mkwe mwanamume haingii pale hata nyumba ikiungua. Mimi nami sikuruhusiwa kuvuka kizingiti mpaka arobaini itimie. Mmoja wetu alizuiwa na heshima, mwingine na uzazi, na tundu likabaki na mama peke yake.

Kumwomba yeye sikutaka, nilikuwa bado nimemnunia, nikasema nitaliangalia mwenyewe siku nikitoka. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya lori.

Siku ya arobaini ilipita kama zinavyopita. Mtoto alinyolewa, majirani wakaja, ubwabwa ukaliwa, nikatiwa udi na hina. Mchana kutwa mama alifunga mizigo. Niliuona mzigo wa mtoto ukifungwa, kofia yake, mbeleko yake, na nepi zake zenye moshi, fundo juu ya fundo. Jioni niliona pia kwamba mama amejitanda kanga moja tu ya zambarau, na kiunoni amefunga kitambaa cha zamani. Nilikuwa nimemwona hivyo karibu kila jioni, nikadhani ile nyingine anaitunza ya safari.

Adhana ya magharibi ilianza na manyunyu yakaanza nayo. Mume wangu alikuwa ndani anajaza mashine kwa mara ya mwisho, kwa ukaidi tu. Nilimpa mtoto amshike, nikajifunika, nikavuka kizingiti, nikazunguka nyumba. Hewa ya nje ilinigonga usoni, harufu ya udongo na mapapai, na miguu yangu ilikuwa imesahau kutembea kwenye matope.

Mama alikuwa amesimama ukutani, ameinua mikono. Alikuwa akilijaza lile tundu kwa kanga yake mpya, akiipenyeza kwa vidole pole pole, akiukunja ukingo wake ndani, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Ilikuwa na alama ya duara, kahawia, mahali joto lilipokuwa likiipiga jioni baada ya jioni.

"Mama," nilisema. "Unafanya nini?"

Hakushtuka wala hakuficha.

"Naziba. Jua limekuchwa."

Nikasimama pale kama mjinga. Akanieleza kwa utulivu, kama anayemweleza mtu jambo ambalo hata mtoto analijua. Nguo za mtoto mchanga haziachwi nje jua likizama. Ndege wa usiku akipita juu yake, degedege humshika mwenye nguo. Na kama nguo yenyewe hailali nje, vipi jasho lake na harufu yake vikatupwe nje gizani, mbele ya kila kipitacho? Kwa hiyo kila magharibi, akimaliza kutawadha, alilifunga. Alfajiri, akiamka kusali, alilifungua.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngecheka. Ulikwisha kucheka."

Ilikuwa kweli.

"Na kwa nini kanga mpya, mama? Matambara yamejaa jikoni."

Akaishika ncha ya ile kanga iliyobaki nje. Mvua ilikuwa ikimdondoka kwenye nyusi.

"Kaka yako," alisema, "kilikuwa kishati chake tu. Nilikianika uani, nikaenda mtoni, nikapiga soga na wenzangu, jua likanichwea njiani. Niliporudi kilikuwa bado kimening'inia. Nilikivuta mbio. Usiku ule ule akaanza kutetemeka." Akaipenyeza ile ncha ndani. "Siwezi kuziba na tambara."

Nilijua nilikuwa na kaka aliyetangulia mbele ya haki. Nyumbani alitajwa kwa nusu neno, na hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu kishati. Shuleni nilifundishwa jinsi homa ya mbu inavyowapa watoto wachanga degedege, na ningeweza kumwambia mama pale pale kwamba kishati hakikuwa na kosa. Miaka yote ile alikuwa amekibeba kile kishati. Sikuona kwamba dakika mbili za masomo yangu zingekipokea. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, nikalia, na yeye akaniambia niache kulia mvuani, mzazi wa jana tu.

Kisha nikamweleza. Nilimweleza kwamba mashine hukausha kwa kutoa pumzi, na ikizibwa pua, inachemka na maji yake ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akalitazama tundu, akaitazama kanga.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayeiziba," alisema, "na mimi ndiye ninayeisema."

"Ndiyo, mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na kabla sijajua kama analia nikamsikia anacheka, kicheko kile cha chini chini alichokuwa nacho, mkono mdomoni. Tulicheka tukiwa tumeshikana hadi mume wangu akaita kutoka dirishani kuuliza kuna nini, na mama akamjibu kwamba ugonjwa wa jioni umepatikana, azime.

Tulipomweleza, alikaa chini kwanza. Baadaye aliniambia tukiwa wawili kwamba nyumba ingeweza kuwaka, na kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na nikamwambia akimwita mama yangu mdudu atalala na mashine yake.

Hakuna aliyemwambia mama aache kuziba. Alfajiri ya siku ya lori aliamka, akasali, akatoka nje. Nilimsikia akirudi. Akasimama mlangoni kwa mume wangu, amejitanda kanga zake zote mbili, ile yenye duara ikiwa juu.

"Baba," alisema, "nionyeshe hicho kitasa. Nitaiwasha mwenyewe mchana, likiwepo jua hata kama halionekani."

Lori lilipiga honi barabarani, likapiga tena, likaenda zake. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo cha duara akitazama nepi zinavyozunguka, na mizigo ilikuwa bado imefungwa nyuma yake. Aliifungua mwenyewe, fundo moja moja, nepi zilipokauka. Vipele vya mtoto vilipona. Siku ya kuripoti nilikaa kwenye kiti changu, nikachomeka waya wa kwanza, na sauti yangu ilikuwa na furaha kiasi kwamba mtu wa Mtwara aliniuliza kama nimeolewa.

Mvua zilipokwisha mama alirudi kwake Milola. Alivaa kanga moja tu. Ile nyingine niliikuta juu ya mashine, imekunjwa vizuri, duara lake likitazama juu.

Tangu siku hiyo hakuna nguo iliyokaushwa kwetu jua likishazama. Na kila magharibi, mpaka binti yangu alipokuwa mkubwa wa kunicheka, nilitoka uani na kanga ile nikalifunga tundu, hata siku ambazo mashine haikuwashwa kabisa.